Saa Tatu, Saa Sita, Saa Tisa



Ndugu wasikilizaji, mfalme Dario alipotia sahihi amri kwamba kwa muda wa siku 30 mtu yeyote asimwombe mungu wala mwanadamu ila mfalme mwenyewe, Danieli aliingia nyumbani mwake, akapiga magoti mara tatu kila siku, madirisha ya chumba chake yakielekea Yerusalemu. Kitabu cha Danieli, sura ya 6, chaongeza jambo dogo ambalo tusilipite upesi: alifanya hivyo kama alivyokuwa akifanya tangu hapo. Danieli hakuanza kusali kwa sababu ya simba. Simba walimkuta anasali.

Mitume, waliolelewa katika dini ya Kiyahudi, waliirithi desturi hiyo ya kumtolea Mungu saa maalumu. Katika Matendo ya Mitume twasoma kwamba siku ya Pentekoste, Petro aliposimama kuhubiri, ilikuwa saa tatu. Huko Yafa alipanda darini kusali yapata saa sita. Yeye na Yohane walipomkuta kiwete mlangoni pa hekalu, walikuwa wakienda kusali saa tisa. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati hapa. Msomaji wa Ulaya hana budi kupiga hesabu ili ajue saa tisa ya Biblia ni wakati gani. Sisi twahesabu saa zetu tangu macheo, kama walivyofanya Mitume.

Kitabu kiitwacho Didake, yaani Mafundisho ya Mitume, ambacho ni miongoni mwa maandiko ya kale kabisa ya Kikristo nje ya Agano Jipya, chaagiza Sala ya Bwana isaliwe mara tatu kwa siku. Hakisemi isaliwe moyo ukipata joto. Chataja idadi tu. Yapata mwaka 200, Tertuliano wa Karthago, Mwafrika wa nchi ambayo leo ni Tunisia, aliandika juu ya saa zile tatu kwamba ndizo zinazogawanya shughuli za watu mchana. Kwake sala za asubuhi na jioni zilikuwa wajibu usio na mjadala. Hizi tatu hazikuamriwa na sheria, lakini alitaka tuzishike kana kwamba ni sheria, ili zitubandue kwa nguvu kutoka katika kazi zetu. Alijua, naona, kwamba mtu anayengoja nafasi ya kusali haipati.

Zaidi ya miaka 300 baadaye, Mtakatifu Benedikto aliwapangia wamonaki wake saa nyingi zaidi. Na ndugu aliye kazini mbali na kanisa, Kanuni yake yamwelekeza apige magoti na kusali pale pale alipo. Basi shamba nalo ni mahali pa sala. Kwa wasiojua kusoma Zaburi 150, zikaja Salamu Maria 150 za Rozari.

Wako wanaosema kwamba sala ya mazoea ni ya midomo tu. Hatari hiyo ipo, wala siikatai. Lakini katekista wa kigango ambacho padre hukifikia mara moja kwa miezi kadhaa anajua hatari iliyo kubwa zaidi. Je, padre asipokuwapo, imani ya watu itashikwa na nini? Swali hili lilikwisha kuulizwa huku kwetu, kando ya Ziwa Viktoria.

Mwaka 1882 Wamisionari wa Afrika, walioitwa White Fathers, walikuwa wamekaa Buganda miaka mitatu tu. Tarehe 30 Aprili mwaka ule walibatizwa Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa. Tarehe 28 Mei, Matia Mulumba na Luka Banabakintu. Mwezi wa Novemba mapadre wakaondoka kwa kuhofia usalama wao, wakavuka ziwa kuja kusini, wakaanzisha misioni ya Bukumbi karibu na Mwanza. Wakristo hao walikuwa na ubatizo wa miezi michache. Hawakuwa tena na Misa wala Kitubio. Walichobaki nacho ni sala walizozijua kwa moyo na katekisimu waliyofundishwa, nao waliwakusanya wenzao kusali na kujifunza: Balikuddembe katika jumba la Kabaka, Mulumba kwake Mityana. Mapadre waliporudi Julai 1885, baada ya karibu miaka mitatu, walikuta wakatekumeni wengi kuliko waliowaacha.

Balikuddembe aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Karoli Lwanga, aliyebatizwa siku hiyo hiyo, akashika mahali pake kati ya vijana wa jumba, na usiku wa kuamkia 26 Mei 1886 alimbatiza Kizito na wengine kwa mkono wake mwenyewe. Asubuhi wakahukumiwa kufa. Kule Namugongo walikaa kifungoni takriban wiki moja wakati kuni zikikusanywa. Watatu kati ya wafungwa, Dionisi Kamyuka, Simeoni Sebuta na Karoli Werabe, waliepushwa na moto dakika za mwisho, wakaishi kuyasimulia. Kwa ushuhuda wao twajua kwamba wale waliofungwa minyororo na mikatale waliendelea kusali pamoja, asubuhi na jioni, hadi Alhamisi ya Kupaa Bwana, tarehe 3 Juni 1886.