Siku 30 za Mnadhiri



Leo tunaangalia historia ya jambo moja: kuacha pombe kwa muda. Sisi Wapentekoste wa nchi ya Waluba, tangu William Burton na James Salter walipofika Mwanza mwaka wa 1915, tunajulikana kwa kuacha kabisa. Kwa hiyo ndugu akisema, "Nimeacha mwezi huu tu," wako wanaomcheka. Lakini jambo hilo ni la kale kuliko makanisa yetu.

Hesabu 6 inatuonyesha Mnadhiri, mwanamume au mwanamke aliyejitenga kwa Bwana kwa siku zilizowekwa. Hakunywa divai, hakula hata zabibu. Siku zilipotimia, alileta sadaka kwa kuhani, akanyoa nywele, kisha aliruhusiwa kunywa divai. Walimu wa Wayahudi waliandika katika Mishna kwamba nadhiri isiyotajwa muda wake ni ya siku 30. Danieli alijinyima divai majuma matatu (Danieli 10). Paulo alinyoa kichwa kule Kenkrea kwa sababu ya nadhiri (Matendo 18). Hata Waingereza, walipoanza mwaka wa 2013 kampeni ya kupitisha Januari bila pombe, walifuata muda unaokaribia uleule.

Angalieni vile nadhiri ilivyojengwa. Ilikuwa na siku ya kuanza, na Bwana aliyeahidiwa, na majirani walioona nywele zikirefuka, na siku ya kumaliza mbele ya kuhani. Hakuna aliyeimaliza gizani peke yake.

Mwaka wa 2020 tuliona namna nyingine. Tarehe 24 Machi Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura kwa sababu ya korona. Manganda yalikuwa yamekwisha kufungwa siku chache kabla, na makanisa pia. Tarehe 22 Julai manganda yaliruhusiwa kufunguliwa. Makanisa yalingoja mpaka tarehe 15 Agosti. Manganda yalifungwa kwa miezi kama minne, karibu siku za Mnadhiri mara nne. Lakini ilikuwa amri, haikuwa nadhiri. Mlango wa nganda ulifungwa, moyo haukufungwa, na lutuku haihitaji nganda: inauzwa uani. Tena, kwa siku 24 nganda ilikuwa wazi na kanisa limefungwa. Aliyekuwa anajaribu kuacha alipita mbele ya chupa bila mashahidi wake.

Basi, ndugu akikuambia ameacha kwa mwezi mmoja, usimcheke. Uwe shahidi wake. Pita kwake jioni, saa ile aliyozoea kutoka. Mama wa nyumba aweke kando fedha iliyobaki, watoto waione ikilipa shule. Lakini kama alikuwa mlevi wa kila siku, asiache ghafula pasipo muuguzi au daktari kujua. Mwili uliozoea pombe unaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo, hata kushikwa na degedege na kufa. Mpelekeni hospitali, na maombi yaende pamoja naye.

Siku ya 30 ikifika, asimalize peke yake. Mleteni mbele ya kanisa ashukuru. Kisha tumwulize kwa upole: kesho ni siku ya 31, ndugu, tuendelee kuhesabu pamoja?