Karafuu ilitufundisha, filamu je?

Wandugu, tuanze na karafuu, maana kwetu Pemba hesabu zote huanzia hapo. Miaka mingi serikali ilinunua karafuu kwa bei ya chini, na kila mtu anajua kilichotokea: magunia yalivushwa usiku kwenda Shimoni na Mombasa. Doria hazikuweza kumaliza magendo. Mambo yalianza kubadilika mwaka 2011, mkulima alipopewa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia.

Filamu nazo ni hivyo hivyo, huenda panapolipa.

Mwaka 1962 ilitoka Hatari!, filamu ya John Wayne iliyopigwa maeneo ya Arusha. Kenya wakapata Out of Africa (1985), ikazoa Oscar 7. Wageni walivutwa na mandhari, wakapiga picha, wakafunga virago.

Afrika Kusini wakafikiri tofauti. Mwaka 2004 walianza kumrudishia mtengenezaji wa filamu sehemu ya fedha alizotumia nchini mwao. Si sadaka hiyo! Kwanza uwalipe mafundi wa taa, washonaji, madereva na hoteli, ndipo upeleke risiti. Blood Diamond (2006) inasimulia Sierra Leone, lakini ilipigwa Afrika Kusini na Msumbiji.

Na sisi? Bongo Movie ilijijenga yenyewe kwa kanda na DVD. Mwaka 2013 ikaja stempu ya kodi, pamoja na nia ya kuwabana wanaodurufu kazi za watu. Nia njema, lakini stempu hubandikwa kwenye kazi iliyokwisha. Haimsaidii anayehangaika kuianza. Leo hata hiyo DVD nani anainunua?

Wapo watakaosema hospitali zinaihitaji kodi hiyo. Kweli kabisa. Ila filamu isiyokuja hailipi kodi hata senti. Na ukiahidi, lipa: mwaka 2025 watengenezaji filamu waliandamana Cape Town wakidai marejesho yao yaliyocheleweshwa.

Pemba tuna magofu ya Mkama Ndume kule Pujini na msitu wa Ngezi. ZIFF, iliyoanza 1998, imewahi kuleta filamu hadi vijijini kwetu, kwa hiyo hamu ipo. Lakini kijana wa Wete anayejua kamera bado anapanda boti kwenda Unguja au Dar kutafuta kazi. Karafuu tuliizuia isivuke kwa kuilipa vizuri. Huyu tutamzuia kwa nini? Mnasemaje?