Kifungo cha Uongo au Uzuiliaji Haramu?

Miongoni mwa istilahi za sheria ya madai zinazostahili kuangaliwa upya ni "kifungo cha uongo". Istilahi hii ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza. Asikiaye "kifungo" hufikiri gereza. Asikiaye "uongo" hudhani kwamba lazima pawepo aliyedanganya. Historia ya kosa lenyewe yakataa yote mawili.

Mwaka 1763, wajumbe wa Mfalme wa Uingereza walimkamata Huckle, fundi wa kuajiriwa katika kazi ya kupiga chapa, kwa hati isiyotaja jina la mtu. Alizuiliwa kwa saa sita hivi, akapewa nyama na bia. Mshahara wake ulikuwa gini moja kwa juma. Hata hivyo baraza la wazee wa mahakama lilimpa fidia ya pauni 300, yaani zaidi ya mshahara wa miaka mitano. Kilicholipiwa hapo ni uhuru.

Mwaka 1845 mpaka wa kosa ulichorwa. Bird alizuiwa kupita upande mmoja wa daraja la Hammersmith, London, lakini aliweza kurudi alikotoka. Majaji wengi waliamua kwamba huko si kufungiwa. Kiswahili chatofautisha mambo haya vizuri: kuzuia ni kumkatalia mtu njia moja, kuzuilia ni kumweka asiweze kutoka. Mwaka 1988, majaji wa Baraza la Malodi walieleza kwamba kosa hutimia hata kama aliyezuiliwa hakujua, ingawa fidia yake yaweza kuwa ndogo mno.

Tanganyika ilipokea misingi ya sheria hiyo ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Na mwaka 2021 Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kwa hiyo neno tulichagualo humfikia mdai mwenyewe. Akiambiwa "uongo", aweza kuiacha haki yake kwa kukosa ushahidi wa udanganyifu, ilhali akishathibitisha kwamba alizuiliwa, ni juu ya aliyemzuilia kuonyesha uhalali wa kitendo chake.

Twapendekeza "uzuiliaji haramu". Mdai aweza kuomba fidia. Na aliye bado mikononi mwa mwingine aweza kuombewa amri ya kufikishwa mbele ya mahakama.