Kukabwa Usingizini, Unyakyusa na Pwani

Mtu akigutuka saa nane za usiku pale Njisi, huko Kyela katika Unyakyusa, kifua kimebanwa, macho yanaona lakini sauti haitoki, anasema amekabwa. Monica Wilson, aliyeishi na mumewe Godfrey kati ya Wanyakyusa miaka ya 1930, alieleza katika Good Company (1951) kwamba hali hiyo ilichukuliwa kuwa ushahidi. Wachawi waliaminiwa kuwa na chatu tumboni na kutamani nyama na maziwa. Walinzi wa kijiji, abamanga, waliwaona ndotoni na kupigana nao. Kulipokucha, swali lilikuwa la ujirani: umechinja bila kumgawia nani?

Pwani mkabaji ni jinamizi. Mwaka 1995, Pemba na Unguja zilipokumbwa na hofu ya Popobawa, pepo aliyesemekana kuwavamia watu usiku, watu waliviacha vitanda wakalala nje kwa makundi, wamezunguka moto. Hapo Pwani na Unyakyusa zinakutana: vijana wa Kinyakyusa nao walitoka mapema nyumbani kwa wazazi, wakajenga na kulala na wa rika lao. Dawa ya usiku ni watu. Naiheshimu dawa hiyo, maana hofu tu ya kutolala inatosha kufukuza usingizi.

Lakini ulimwengu wa Kiislamu, ambao Pwani ni sehemu yake, ulikuwa na tabibu aliyeuliza swali jingine. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliliweka jinamizi katika Kanuni, kitabu chake cha tiba, miongoni mwa maradhi ya kichwa, akaonya kuwa linaweza kutangulia kifafa. Maelezo yake ya mivuke inayopanda ubongoni yamepitwa na wakati; kuuliza habari za mwili hakujapitwa.

Leo tunajua kwamba tunapoota, ubongo huilegeza misuli ili tusirushe mikono na miguu. Akili ikiamka kabla misuli haijarudishiwa nguvu, mtu hujiona amefungwa, kwa sekunde au dakika chache. Humpata zaidi aliyepungukiwa usingizi na anayelala chali.

Na Kyela usingizi una maadui wengi. Ili ulale, joto la mwili lazima lishuke kidogo, nako ufukwe wa Nyasa hauna baridi ya Tukuyu: bati limeshika joto la mchana, chandarua kinazuia upepo. Chandarua kisitolewe, malaria haina msamaha. Afadhali kuoga jioni na kufungua madirisha yenye wavu. Mama ambaye miguu haitulii kila akijilaza, mpaka ainuke atembee, huenda amepungukiwa na madini ya chuma, kwa ujauzito au kwa safura aliyoipata akitembea pekupeku kwenye udongo wenye unyevu. Mzee anayeamka mara nne kukojoa apimwe sukari, na aulize kama kidonge chake cha presha ni cha kuongeza mkojo, kinachofaa kumezwa asubuhi. Asiyeweza kulala bila mito mitatu kwa kukosa pumzi asingoje hata wiki: huo unaweza kuwa moyo.

Kumwendea jirani mliyegombana naye mkapatana ni vyema, na aliyelala na kinyongo anajua kinavyokesha naye. Ila damu ipimwe kwanza, kwa sababu safura haisikii suluhu. Na anayekwenda zahanati kwa kukosa usingizi aende na anayelala naye chumba kimoja. Mwenye kukoroma hajui kama pumzi yake hukatika kisha hurudi kwa kishindo. Wa pembeni yake ndiye anayeisikia.