Kigeuzi cha tarakimu

Sidii haina sauti ndani yake, ina hesabu. Uso wake unaong'aa umejaa vishimo visivyoonekana kwa jicho, na mwali wa leza huvisoma kama tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Spika nayo haijui hesabu hata kidogo. Inachokijua ni umeme unaopanda na kushuka, unaoisukuma mbele na kuivuta nyuma. Kwa hiyo mahali fulani kati ya leza na spika lazima pawe na kifaa cha kuzipokea tarakimu na kutoa umeme huo wa kupanda na kushuka. Katika maduka ya vyombo vya muziki duniani kote kinaandikwa DAC. Kwa Kiswahili tafsiri iliyonyooka ni kigeuzi cha dijitali kuwa analojia, jina sahihi ambalo halitamkiki dukani bila kuchoka.

Ubaya wa jina hilo si urefu peke yake. Watanzania wengi walilizoea neno analojia wakati wa kuzimwa kwa mitambo ya zamani ya televisheni, kazi iliyoanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Kenya nako, wakati wa uchaguzi wa 2013, siasa ziliwagawa watu kuwa wa dijitali na wa analojia, maana yake vijana wa kisasa na wazee waliopitwa na wakati. Doa hilo halijatoka. Ukimwambia mnunuzi kwamba kifaa hiki kinaitoa sauti kwenye dijitali na kuirudisha kwenye analojia, atadhani unamuuzia uchakavu. Ukweli ni kwamba sikio la binadamu ni la analojia tangu kuumbwa, na tarakimu isiyogeuzwa haisikiki.

Wakati uleule wa kuzimwa kwa mitambo lilienea neno king'amuzi, jina la kisanduku cha kupokelea matangazo ya dijitali, na hakuna aliyehitaji semina ili alielewe, kwa sababu kila mtu anajua kung'amua. Ndiyo maana napendelea kigeuzi cha tarakimu. Kinaingizwa tarakimu, kinazigeuza, basi. Neno kigeuzi peke yake halitoshi, hasa kwenye ufuko wa Ziwa Mweru upande wa Zambia, kuanzia Nchelenge na Kashikishi hadi kisiwa cha Kilwa. Huko Kiswahili huvuka maji kutoka Katanga na kukutana na Kibemba, na tangu 2018 kambi ya Mantapala imewapokea wakimbizi wa Kongo waliokuja nacho. Anayetumia umeme wa jua, ukimtajia kigeuzi tu, anaweza kukuletea inveta, ambayo nayo inageuza, ila inageuza umeme wa betri uwe wa nyumbani.

Kazi yenyewe iko hivi. Wakati wa kurekodi, kimo cha wimbi la sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani kwa kuchagua kimoja kati ya viwango 65,536. Ile 44,100 haikutoka mbinguni. Rekodi za kwanza za tarakimu zilihifadhiwa kwenye kanda za video, na vipimo vitatu katika kila mstari wa picha, mistari 245, mara 60 kwa sekunde, vinatoa hesabu hiyo kamili.

Mvuvi anayechovya upondo kila baada ya hatua moja, upande wa kusini wa Mweru ambako kina ni kidogo, anaweza kuichora sakafu ya ziwa bila kuiona. Sharti ni kwamba pasiwe na vilima vyembamba vinavyojificha kati ya pima moja na nyingine. Katika sauti sharti hilo lina hesabu yake, iliyothibitishwa na mwanahisabati Claude Shannon katika makala ya 1949: wimbi lisilo na mtetemo unaofikia nusu ya idadi ya vipimo hurudishwa lote, bila pengo. Nusu ya 44,100 ni 22,050, na sikio zima la kijana huishia karibu na mitetemo 20,000 kwa sekunde. Zile picha za matangazo zinazoonyesha sauti ya sidii ikipanda ngazi kama za ghorofa zinapotosha. Mwishoni mwa kigeuzi kuna kichujio, na ngazi haziponi hapo.

Zamani malalamiko kuhusu sauti ya sidii yalikuwa na msingi. Sidii ilipoanza kuuzwa Japani tarehe 1 Oktoba 1982, mashine ya Sony CDP-101 ilikuwa na kigeuzi kimoja kilichohudumia spika ya kulia na ya kushoto kwa zamu. Philips walikuwa na kigeuzi cha biti 14, wakafidia kwa kuzidisha kasi ya vipimo mara nne. Aliyenunua kigeuzi cha pembeni, kinachokaa nje ya mashine, katika muongo huo alinunua nafuu ya kweli. Leo adapta ya Apple ya kuchomekea vipokea sauti vya masikioni, inayouzwa kwa dola 9 hivi, ina kigeuzi ambacho makosa yake yako chini ya kile ambacho sikio linaweza kukamata. Juu yake kuna vigeuzi vya makumi ya maelfu ya dola, vyenye maganda ya alumini mazito kama tofali. Sifa inayonadiwa sana humo ni saa ya ndani isiyoyumba, na kuyumba kwenyewe hupimwa kwa sehemu za trilioni za sekunde.

Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha jaribio katika jarida la Audio Engineering Society. Walichukua rekodi za ubora uliozidi sidii, wakazipitisha kwa siri katika vipimo na kigeuzi cha kiwango cha sidii, kisha wakawauliza wasikilizaji ipi ni ipi. Katika majaribio 554 walipatia 276. Anayerusha shilingi hewani angefika hapohapo.

Kwa msikilizaji wa Mweru mfano mzuri wa jinsi sidii inavyotosha uko karibu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Likasi ya leo, akipiga wimbo wa Masanga kwa gitaa moja linalosikika kama mawili. Kampuni ya SWP ya Uholanzi imezitoa kwa sidii rekodi za Tracey za magitaa ya kusini mwa Kongo na kaskazini mwa Zambia. Mkwaruzo na upana wa sauti vilikwisha kuamuliwa na maikrofoni na mashine za wakati ule, na sidii ina nafasi tele ya kuvibeba vyote. Hakuna kigeuzi kitakachoongeza uzi wa gitaa ambao maikrofoni haikuusikia.

Kigeuzi cha pembeni bado kina mahali pake. Deki nyingi za bei rahisi hutoa sauti chafu kwenye matundu ya waya mwekundu na mweupe, ingawa tarakimu zinazotoka kwenye tundu la koaksi au la mwanga ni safi kabisa. Hapo kigeuzi cha bei ya wastani kinatosha. Kama spika zinanguruma, ishuku kwanza inveta. Zile za bei ya chini hutoa umeme wenye kona kali, nao hupenya hadi kwenye amplifaya. Pesa iliyobaki iende kwenye spika, kwa kuwa tofauti kati ya sabufa ya plastiki na spika zilizotengenezwa vyema inasikika hata ukiwa jikoni.

Anayetaka kulinganisha vigeuzi viwili asawazishe kwanza ukubwa wa sauti kwa mita ya volti, kwa sababu kinachotoa sauti kubwa kidogo hudhaniwa ndicho bora. Kisha mwingine abadilishe waya bila kusema neno, na msikilizaji akae akiwa ameipa mashine mgongo.