Buji, cheche na jina lililomponyoka Champion

Tarehe 1 Januari 2026 ilitimia miaka 20 tangu petroli yenye risasi iondoke katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Burundi ikiwemo. Uamuzi ulianzia Dakar, Juni 2001. Wanaoikumbuka siku hiyo huikumbuka kwa ajili ya afya ya watoto, na wana haki. Lakini mafundi wa magari waliyaona mabadiliko yale kwa macho yao, kwenye ncha ya buji, ile ambayo jirani zetu wa Tanzania huiita plagi.

Musaga ni mahali pazuri pa kuizungumzia buji. Barabara ya Taifa namba 7 ikitoka katikati ya Bujumbura hupita hapo, kisha huanza kupanda kuelekea Ijenda, ambako urefu kutoka usawa wa bahari umeshapita mita 2,000. Mlima huo ndio unaoiumbua buji iliyochoka. Dereva akikanyaga mafuta, mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa kwa nguvu zaidi ndani ya silinda, na cheche inadai umeme mkubwa zaidi ili kuruka pengo la milimita moja hivi. Umeme huo ukikuta waya wa buji wenye ufa, hauna haja ya kufika kwenye ncha. Unatokea hapo hapo kwenye ufa na kuishia kwenye chuma cha injini. Gari linamisi, linatetemeka, malori yanajipanga nyuma, na watoto kiti cha nyuma wanauliza kuna nini. Gari hilo hilo asubuhi lilikwenda mjini kwenye tambarare bila kasoro yoyote.

Njia ya zamani ya kuukamata ufa huo haihitaji kifaa. Subiri usiku, zima taa zote, fungua boneti, washa injini. Waya ulioharibika huonyesha vicheche vya buluu vikitambaa juu ya mpira wake.

Historia ya mwanzo inafahamika. Étienne Lenoir aliwasha gesi kwa cheche ya umeme mjini Paris mwaka 1860. Karl Benz, aliyesajili gari lake mwaka 1886, aliuona uwashaji kuwa tatizo kubwa kuliko yote. Mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa Robert Bosch huko Stuttgart, aliunganisha magneto (jenereta ndogo ya cheche) ya volti kubwa na buji, na injini zikapata mbio.

Kisha akatokea Albert Champion. Kwake yeye namfuata Peter Joffre Nye, mwandishi wa historia ya mbio za baiskeli, ambaye mwaka 2014 alitoa kitabu kizima juu ya maisha ya mtu huyu. Champion alizaliwa Paris mwaka 1878. Mwaka 1899 alishinda mbio za baiskeli za Paris hadi Roubaix, na mwaka uliofuata akavuka bahari kwenda Marekani. Mwaka 1903, akiendesha gari la mashindano huko New York, alipata ajali akavunjika paja. Mguu ulipona ukiwa mfupi kuliko mwenzake. Mtu mwingine angeacha mashindano, lakini yeye alirudi kwenye baiskeli.

Mwaka 1905 alifungua kampuni Boston yenye jina lake, akiagiza magneto na buji kutoka Ufaransa. Fedha zilitoka kwa ndugu wawili wa ukoo wa Stranahan. Mwaka 1908 akakutana na William Durant, bosi wa Buick, aliyekuwa akitafuta buji nzuri za magari yake. Durant akampa nafasi ya kuanzisha kiwanda Flint, katika jimbo la Michigan, na Champion akaenda akiamini kwamba jina ni lake, atakwenda nalo popote. Akakiita kiwanda kipya Champion Ignition Company.

Kina Stranahan walikataa. Jina lilikuwa la kampuni ya Boston, na kampuni ilikuwa mikononi mwao. Mwaka 1910 walihamia Toledo, Ohio, wakaendelea kuuza buji za Champion huku Champion mwenyewe akitengeneza buji Flint, mwendo wa saa chache tu kutoka kwao. Ugomvi ulifika kwa wanasheria, na mwaka 1922 mwenye jina akasalimu amri: kiwanda chake kikawa AC Spark Plug, kikabaki na herufi mbili za mwanzo wa majina yake. Mei 1927 Charles Lindbergh alivuka Atlantiki kwa ndege yenye buji za AC. Oktoba mwaka huo huo Champion akafariki Paris akiwa na miaka 49.

Sheria iliwapa kina Stranahan haki, na mtaji ulikuwa wao. Hata hivyo kisa hiki kinaniuma, maana ulimwengu mzima ulikuja kununua buji zenye jina la mtu zilizotoka kwenye kiwanda kisicho chake. Tangu wakati huo jina kwenye boksi limekuwa na thamani kuliko kilicho ndani, na ndivyo tunavyonunua hadi leo. Mteja anafika kwenye duka la vipuri Buyenzi, anataja jina la kampuni, analipa, anaondoka. Namba hazisomi.

Namba ndizo zenye habari. NGK, iliyoanzishwa Nagoya mwaka 1936, na Denso huhesabu hivi: namba ikiwa kubwa, buji ni ya baridi, yaani inatoa joto upesi. Kwa Champion na Bosch ni kinyume, namba kubwa ni ya moto. Anayedhani kwamba kubwa ndiyo bora huenda akaweka buji ya baridi mno, ikajaa masizi, au ya moto mno, ikaunguza pistoni. Namba 5 ya NGK hulingana na 16 ya Denso. Kwa injini ya 5A-FE ya Toyota, iliyoletwa kwetu na Carina TI na Corolla za miaka ya 1990, buji ya kawaida ni ya jamii ya BKR5E ya NGK au K16 ya Denso, na inafunguliwa kwa spana ya 16. Ikiwa namba inaishia na 11, pengo lake ni milimita 1.1.

Enzi za risasi, majivu yake yaliganda juu ya kauri kama kioo, na injini ikipata moto kioo hicho kilipitisha umeme. Baada ya 2006 buji zilianza kutoka kavu, za rangi ya kahawia hafifu, na zilidumu zaidi. Sasa tunairudisha nyuma faida hiyo. Uhaba wa mafuta ulioibana Burundi miaka hii umeleta petroli ya chupa na vidumu kutoka Uvira na Tanzania, na ikiwa imechanganywa na kitu kingine, buji hutoka nyeusi. Kisha mtu anaisugua kwa brashi ya waya na kuirudisha. Brashi ile huacha michirizi ya chuma kwenye kauri, na umeme hupita juu ya michirizi hiyo. Hasara ni mara mbili.

Kubadilisha waya za buji kunahitaji utulivu. Toa mmoja, weka mpya wake, ndipo uguse wa pili, kwa sababu silinda huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2 na ukizichanganya gari halitawaka au litapiga mlipuko. Shika kofia ya mpira, usivute waya. Kwa Toyota hizi, waya ukipimwa ukinzani ukazidi kiloomu 25, umekwisha. Buji mpya iingizwe kwa mkono injini ikiwa imepoa, mpaka ikae, ndipo spana imalizie kama nusu mzunguko. Kichwa cha injini ni cha alumini, na uzi wake ukikwanguliwa gharama yake haifanani kabisa na bei ya buji nne.

Toyota Probox, iliyotoka mwaka 2002, haina waya za buji. Kila silinda ina koili yake juu ya buji. Koili moja ikishukiwa, fundi huihamishia kwenye silinda nyingine na kuwasha tena, na kama kumisi kumehama nayo, koili hiyo ndiyo mbovu.