Kutafuta fundi wa programu za kazi Kaniama: mambo ya kuangalia mbele ya kusaini

Katika teritware ya Kaniama, jimbo la Haut-Lomami, kazi nyingi zinaandikwa bado kwenye kaye: magunia ya mahindi yaliyoingia depo, wagonjwa wa kituo, makuta ya likelemba. Kaye ikilowa mvua, hesabu imekwisha. Chama kinachotaka kutoka huko kinaweza kutafuta fundi wa kupanga programu kwa njia fupi, yaani kuunganisha vipande vilivyo tayari, pasipo kuandika kodi kila mustari.

Vyombo hivyo si vigeni. Zone za afya za Kongo zinatuma ripoti zao za kila mwezi kupitia DHIS2, iliyotengenezwa na chuo kikuu cha Oslo, huko Norway. KoboToolbox nayo inatumiwa sana na mashirika ya msaada.

Sasa fundi mwenye uzoefu anajulikana namna gani? Cheti peke yake hakitoshi. Mumupe simu ya Android na saa mbili: atengeneze fomu ya kupokea mahindi, kisha mukate rezo. Fomu iendelee kujazwa, na itume kila kitu rezo ikirudi. Muangalie pia maswali yeye anayowauliza. Asiyeuliza nani anapima gunia, wala nani ana ruhusa ya kusahihisha kilo, anajua chombo lakini hajui kazi.

Kuhusu bei, KoboToolbox ina sehemu ya bure. Power Apps ya Microsoft inalipisha kwa kila mtumiaji, kila mwezi. Fundi mutamulipa mara moja. Hiyo ya mwezi haiishi.

Lakini hatari kubwa zaidi ni neno la siri. Konti ifunguliwe kwa jina la chama, na watu wawili wa komite walijue. Ikiwa iko kwenye imeili ya fundi, siku atakapopata kazi Lubumbashi, majina na deni za wanachama zinabaki mikononi mwake. Hayo yaandikwe katika mkataba. Sheria ya kazi ya 2002 inataka mkataba wa maandishi, na ule wa muda maalum usipite miaka 2.

Sehemu ya mwisho ya malipo ingoje. Itolewe siku mwanachama mmoja atakapoongeza swali jipya kwenye fomu yeye mwenyewe, fundi akiwa amekaa pembeni bila kugusa simu.